Mume kanunua nyumba kwa ujanja, wadai wamemgeukia mke: deni lipi ni lake? (Mbeya)

Msaidizi_Uyole ameandika:

Wakuu, habari za leo. Hili ni faili la msaada wa kisheria hapa Mbeya. Yanayomtambulisha mtu nimeyaondoa.

Mke na mume, ndoa ya kanisani, cheti kipo. Wanaishi Uyole kwenye nyumba yenye hati kwa jina la mume peke yake. Mwaka jana mume alinunua nyumba ya pili Iwambi kwa milioni 70. Milioni 10 alitoa taslimu. Milioni 40 zilitoka benki kwa rehani ya nyumba ya Uyole, na benki ilimlipa muuzaji moja kwa moja. Milioni 20 zilizobaki alimpelekea muuzaji risiti ya benki kuonyesha zimeshaingia kwenye akaunti, muuzaji akakabidhi funguo. Risiti ilikuwa ya kughushi. Tumekuja kuona pia kwamba fomu ya ridhaa ya mwenza iliyoko benki ina picha na saini ya mwanamke mwingine kabisa. Mume hapatikani, wanasema yuko upande wa Tunduma.

Mke ana duka Mwanjelwa, leseni na TIN ni zake. Amekusanya kodi ya wapangaji wa Iwambi miezi sita, 150,000 kwa mwezi, akijua nyumba ni yao. Sasa benki imeleta notisi ya siku 60. Wakili wa muuzaji ameandika barua akidai milioni 20 kutoka kwa "ninyi wawili kama mke na mume". Na kuna afisa wa benki anamshauri asaini mkataba mpya wa kulipa kidogo kidogo ili nyumba isipigwe mnada.

Deni lipi hapo ni la mke? Asaini? Na tuanzie wapi, baraza au mahakama?

---

Wakili_wa_Forest:

Mkuu, asisaini chochote kwanza. Nitarudi hapo.

Maneno "kama mke na mume" kwenye ile barua hayana uzito. Kwa sheria zetu ndoa haiunganishi madeni. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Kifungu cha 58 kinasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Anayedaiwa kwa mkataba ni aliyeingia mkataba. Kuna kifungu cha 64 kinachodhania mke ana ruhusa ya kukopa kwa jina la mumewe kwa mahitaji ya nyumbani, lakini hicho kinamlenga mume kulipa, na kinahusu mahitaji ya kila siku kama unga na ada ya shule. Nyumba ya milioni 70 haimo humo.

Ili mke adaiwe, mdai lazima aonyeshe kitu zaidi ya cheti cha ndoa. Kwamba alisaini kama mkopaji mwenza au mdhamini. Kwamba mume alikuwa wakala wake. Kwamba walikuwa wabia katika biashara ya nyumba. Kwamba alijua risiti ni feki na akashiriki. Au kwamba amefaidika na kitu kisicho chake, na hapo anarudisha kile alichofaidi tu, si deni zima. Kwa maelezo yako, linalomgusa ni hilo la mwisho: shilingi 900,000 za kodi. Kuanzia leo asizile tena. Afungue akaunti ya pembeni aziweke humo, na amwandikie wakili wa muuzaji kwamba zipo hadi mgogoro uishe. Kuendelea kupokea kodi baada ya kuijua hiyo risiti ndiko kutakakomgeuza kutoka aliyedanganywa kuwa mshirika.

Benki ni suala jingine. Benki haina haja ya kumdai yeye, inaifuata nyumba. Sheria ya Ndoa kifungu cha 59 inakataza mwenza kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na inampa huyo mwenzake maslahi anayoweza kuyalinda kwa kaveati (tahadhari inayoandikishwa kwenye hati kwa Msajili wa Hati). Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, inasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu hati ya rehani inapokuwa imesainiwa na mwenza anayeishi humo, au kuna ushahidi mwingine kwamba aliridhia. Kifungu cha 161 kinamtaka mkopeshaji aulize, na mwenza ambaye hakuridhia anaweza kuitengua rehani. Ridhaa ya mwanamke mwingine si ridhaa yake.

(Msichanganye: Sheria ya Ndoa nayo ina 114 yake, ya kugawana mali ndoa ikivunjika. Na anayenukuu aangalie anatumia toleo gani la sheria, maana namba za vifungu zinaweza kuhama baada ya urekebu, yaani sheria zinapochapwa upya pamoja na marekebisho yake.)

---

MikopoNaDhamana:

Naongezea upande wa benki, maana wengi wanadhani fomu ikiwa feki benki imeshindwa moja kwa moja. Haiko hivyo. Benki itajitetea kwamba ilichukua hatua za kutosha kujua kama mkopaji ana mwenza, na mwenza huyo ni nani. Tangu marekebisho ya 2008 wajibu uko pande mbili: mkopaji lazima aseme ukweli, na mkopeshaji lazima afanye juhudi za kutosha kuhakiki. Kesi itasimama au kuanguka kwenye juhudi hizo.

Kwa hiyo mke aandike barua kwa meneja wa tawi, ipokelewe kwa muhuri wa tarehe, akiomba nakala za: mkataba wa mkopo, hati ya rehani, fomu ya ridhaa, kiapo cha mwenza, barua ya mtendaji wa mtaa, nakala ya cheti cha ndoa na ya kitambulisho cha NIDA vilivyotumika, na mchanganuo wa marejesho tangu siku ya kwanza. Wakikataa, barua yenyewe ni ushahidi na mahakama itaamuru zitolewe.

Zikija, tazameni ulinganifu. Jina kwenye cheti cha ndoa ni la nani? Mara nyingi mume huleta cheti halisi cha mke wake halafu mwanamke wa kukodi anasaini kwa jina hilo. Hapo namba ya NIDA ndiyo inayosema, kwa sababu picha ya kwenye kitambulisho haitafanana na picha ya kwenye fomu. Afisa aliyepokea nakala ya kitambulisho bila kudai halisi ameacha mlango wazi. Tazameni tarehe ya kiapo na tarehe ya barua ya mtendaji. Kiapo kilichotangulia fomu ambayo kinaithibitisha ni kasoro kubwa. Tazameni ripoti ya mthamini: akienda kupima nyumba huwa anapiga picha na kuandika nani yumo ndani. Kama mthamini alimkuta mke halali nyumbani na benki haikumuuliza kitu, hiyo ni hoja nzito kuliko saini.

Kuhusu mkataba mpya. Wakili kasema asisaini, sababu yake ni hii. Mkataba wa kurekebisha mkopo huwa na ibara ya kukiri deni na ibara ya kuthibitisha dhamana zilizopo. Akisaini, rehani ambayo leo inaweza kutenguliwa inakuwa ameiridhia mwenyewe, na deni ambalo halikuwa lake analibeba kwa mkono wake. Kulipa nako kuna mtego. Akiweka hata laki moja kwenye akaunti ya mkopo na kuandika "rejesho", kesho wataitoa kama ushahidi kwamba alijua na kukubali. Na ujumbe wa simu wa "naomba mnivumilie nitalipa" vilevile. Ajibu kwa barua ya wakili tu.

---

Ntemi_Gangilonga:

Mnamwambia mke hana deni, lakini mimi nimesoma kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mke asiyejua chochote alipe deni la utapeli wa nyumba uliofanywa na mumewe. Na huku muuzaji je? Kaliwa milioni 20, mke anakusanya kodi, halafu aambiwe amtafute mtu Tunduma?

---

Wakili_wa_Forest:

Hiyo ni Bartenwerfer dhidi ya Buckley, iliamuliwa 22 Februari 2023, na majaji wote walikubaliana. Isome vizuri, maana inaunga mkono ninachosema. Wale wawili waliinunua nyumba San Francisco pamoja, wakaikarabati, wakaiuza wakiwa wabia katika biashara hiyo. Mnunuzi akagundua kasoro zilizofichwa, akashinda zaidi ya dola 200,000 mahakama ya jimbo. Kilichofika juu ni swali la sheria ya ufilisi: je, mke ambaye hakujua udanganyifu anaweza kufutiwa deni hilo kwa kufilisika? Mahakama ikasema hapana. Lakini deni lilikuwa limeshampata kwa sababu ya ubia. Ndoa siyo iliyomfunga.

Na hapa ndivyo ilivyo. Mke na mume wakiwa wananunua na kuuza nyumba pamoja kwa faida, mbia anawajibika kwa udanganyifu wa mbia mwenzake uliofanyika katika shughuli ya ubia, hata kama hakuujua. Ndiyo maana wakili wa muuzaji atatafuta kitu cha kuonyesha ubia: akaunti ya pamoja, jina la mke kwenye mkataba wa Iwambi, ujumbe wa mke akijadili bei na muuzaji, au fedha za duka zilizoingia kwenye ile milioni 10 ya taslimu. Msaidizi, muulize mteja wako haya kabla hajaulizwa mahakamani. Hilo la milioni 10 lisisitize.

Kuhusu huruma kwa muuzaji, nipo nawe, na dawa yake ipo. Tena kwangu huo ndio ufunguo wa faili zima. Swali kwanza: hati ya Iwambi imeshahamishwa?

---

Msaidizi_Uyole:

Nilimuuliza sasa hivi kwa simu. Duka halikutoa hata senti kwenye zile milioni 10, na mkataba wa Iwambi haujui, hajawahi kuuona. Hati ya Iwambi bado ina jina la muuzaji. Walisaini mkataba wa mauziano, fomu za uhamisho hazikuwahi kupelekwa ardhi, kodi ya ongezeko la mtaji (ile ya serikali mali inapouzwa) haikulipwa. Hata benki iliweka rehani Uyole kwa sababu hiyo.

---

Wakili_wa_Forest:

Basi muuzaji ana nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Chini ya Sheria ya Mikataba, mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unabatilika kwa uchaguzi wa aliyedanganywa. Ana njia mbili. Aushikilie mkataba adai milioni 20, na hapo mdaiwa wake ni mume, ambaye hayupo. Au autengue, achukue nyumba yake ambayo hati yake bado anayo mkononi. Lakini anayetengua anarudisha alichopokea, na yeye amepokea milioni 50. Milioni 40 kati ya hizo ni za benki.

Mnaona inakoelekea. Muuzaji akitengua, nyumba inarudi kwake, milioni 40 zinarudi benki kupunguza mkopo, zile 10 zinashikiliwa kufidia hasara yake halali na kodi iliyotumika, na salio linahesabiwa. Rehani ya Uyole inabaki na riba na gharama tu. Mke hajatoa shilingi zaidi ya ile 900,000. Kikwazo ni kama muuzaji ameshatumia fedha. Hata hivyo anaweza kupata mnunuzi mwingine wa Iwambi na benki ikalipwa siku ya mauzo hayo, kwa maandishi ya pande tatu: muuzaji, benki na mke. Mume atapewa taarifa kwa tangazo la gazeti mahakama ikiridhia. Pendekezo hilo liende kwa wadai wote wawili mapema, kabla hawajaanza kugharamia kesi.

---

Baraza_na_Mahakama:

Kwenye utaratibu, kuna mambo matatu yanayoangusha watu huku kwetu.

Siku 60 zinahesabiwa kuanzia notisi ilipopokelewa, si tarehe iliyochapwa juu yake. Andikeni leo hii ni nani aliipokea na lini. Zikiisha, dalali naye lazima atoe tangazo la angalau siku 14 kabla ya mnada wa ardhi. Usingoje mnada. Mnunuzi wa mnada akishanunua kwa nia njema, Sheria ya Ardhi inamlinda, na mke atabaki kudai fidia kwa benki wakati mnunuzi anavunja kufuli. Kwa hiyo maombi ya zuio yapelekwe kwa hati ya dharura. Vigezo ni vile vya kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuna hoja ya msingi ya kuamuliwa, kuna madhara ambayo fedha haitayatibu, na mizani ya usumbufu inaegemea upande wa mwombaji, yaani akinyimwa zuio ataumia kuliko benki ikizuiwa. Hati ya madai ieleze udanganyifu kinagaubaga, nani alifanya nini tarehe ipi. "Mume alighushi" peke yake haitoshi, Amri ya 6 kanuni ya 4 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka maelezo. Mume aunganishwe kama mdaiwa, hata kama hapatikani. Kesi ya mke dhidi ya benki peke yake inanuka njama, na mahakimu wamezoea mchezo wa mume kukopa na mke kujitokeza siku ya mnada.

La pili ni mahali. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linasikiliza shauri la kurejesha umiliki wa ardhi hadi milioni 300. Lakini tangu 2021 baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua, linasuluhisha tu, na baraza la wilaya litataka cheti kwamba usuluhishi umeshindikana au siku 30 zimepita. Siku hizo 30 ni nusu ya notisi yenu. Nendeni kata kesho asubuhi.

La tatu: mkopeshaji ni nani? Kama ni shirika au kampuni ya umma, tangu marekebisho ya 2020 inabidi umpe notisi ya siku 90 na kumwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Siku 90 ni nyingi kuliko 60. Wanaolijua hili hufungua Mahakama Kuu maombi ya zuio la Mareva (zuio la muda linaloombwa kabla kesi yenyewe haijafunguliwa) la kulinda nyumba wakati notisi inaiva. Wasiolijua hufungua kesi barazani, inatupwa kwa pingamizi la awali, na nyumba inakwenda.

Sambamba na hayo, Ofisi ya Ardhi: aombe upekuzi wa hati ya Uyole kuona rehani imesajiliwa lini na kwa kiasi gani, kisha aweke kaveati kwa Msajili wa Hati akiambatisha cheti cha ndoa na kiapo. Haitafuta rehani iliyokwishaingia, ila itazuia mume kuuza au kuongeza mkopo juu yake akiwa huko aliko.

---

Mama_Kihesa:

Dada huyo ana duka, na hakuna aliyeligusa. Muuzaji akipata hukumu dhidi ya mume, dalali wa mahakama anaweza kuja Mwanjelwa kubeba mali akidai ni ya mume. Itakuwaje?

---

Baraza_na_Mahakama:

Swali zuri, mama. Hukumu inakazwa, yaani inatekelezwa, kwenye mali ya aliyehukumiwa tu. Dalali akikamata mali ya mke, mke analeta pingamizi chini ya Amri ya 21 kanuni ya 57 ya Mwenendo wa Madai, kwenye mahakama hiyo hiyo iliyotoa amri ya kukamata. Anatakiwa kuthibitisha kwamba siku ya ukamataji mali ilikuwa yake au mikononi mwake kwa haki yake mwenyewe. Pingamizi lililocheleweshwa makusudi halisikilizwi. Akishindwa, kanuni ya 62 inampa nafasi ya kufungua shauri la kuthibitisha haki yake. Kinachoshinda hapo ni karatasi: leseni, TIN, risiti za manunuzi zenye jina lake, mkataba wa pango la fremu. Mzigo mwingi wa sokoni hununuliwa bila risiti, na hapo ndipo watu wanapopoteza. Aanze sasa kuchukua risiti ya kila mzigo, na orodha ya bidhaa iliyosainiwa na mwenye fremu haidhuru.

Nyumba ya Uyole nayo, kwa deni la muuzaji, ina kinga: kifungu cha 48 cha Mwenendo wa Madai kinazuia kukamata nyumba ya kuishi ya mdaiwa, mkewe na watoto wanaomtegemea. Lakini kinga hiyo ni ya ukazaji wa hukumu. Mbele ya rehani halali haisaidii kitu. Watu hukimbilia kifungu hicho kwenye kesi za benki na kushangaa kwa nini hakifanyi kazi.

---

MikopoNaDhamana:

Polisi msisahau. Ripoti ya kughushi ifunguliwe na mke kwa fomu ya ridhaa, na muuzaji afungue ya kwake kwa risiti. Ukitaka mtaalamu wa maandishi wa Jeshi la Polisi alinganishe saini, lazima apate fomu halisi, si fotokopi, na saini za mke za kabla ya mkopo: daftari la kikundi, fomu za shule, mkataba wa fremu. Saini alizoandika baada ya mgogoro hazina thamani kubwa. Na sheria haicheki na mkopaji aliyedanganya kuhusu mwenza: kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataja faini isiyopungua nusu ya mkopo, hapa milioni 20, au kifungo kisichopungua miezi 12. Huyo aliyejifanya mke naye hajapona.

---

Msaidizi_Uyole:

Asanteni sana wakuu. Mkopeshaji ni benki binafsi, kwa hiyo la siku 90 halituhusu. Notisi ilipokelewa Jumatatu iliyopita, jirani alishuhudia, tumeandika. Moja limebaki: akiamua baadaye kudai talaka, deni hili litamfuata kwenye mgawanyo?

---

Wakili_wa_Forest:

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama izingatie madeni ya upande wowote yaliyokopwa kwa manufaa ya pamoja. Mume atasema Iwambi ilinunuliwa kwa ajili ya familia. Ile kodi ya miezi sita ataitaja hapo, ndiyo sababu nyingine ya kuitenga sasa hivi. Mke atajibu kwamba deni lililopatikana kwa saini ya kughushi, likahatarisha nyumba aliyochangia, haliwezi kuitwa la manufaa ya pamoja. Na mchango wake Uyole si lazima uwe wa fedha. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa. Lakini talaka isitangulie zuio. Ndoa ikivunjwa mapema, benki itasema yeye si mwenza tena.